Swali la Tatu, Somo la Tano

3 Februari

Kitindamimba,

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mitungi ya gesi. Usimcheleweshe, ana ulimi mrefu. Simu nimechoka nayo. Mtandao wa huku unapatikana chini ya tangi la maji tu, na pale ndipo foleni ya wagonjwa inapoanzia, kwa hiyo kila ninachokuambia kinafika kwa majirani kabla mimi sijafika.

Nina jambo. Yule mama anayetunza friji ya chanjo hapa zahanati anastaafu katikati ya mwaka. Mkuu wa zahanati ameniita, mimi mtu wa mapokezi, wa kupima watoto uzito na kujaza kadi miaka yote hii, akaniambia ufunguo wa friji anaweza kunipa mimi. Ila nilete cheti cha utunzaji wa chanjo. Nikamwuliza nitasomea wapi na umri huu. Akasema siku hizi kuna kozi za bure kwenye intaneti, dunia nzima inasoma, ni simu yako tu. Alilitamka hilo neno "bure" kama mtu anayenigawia peremende.

Basi jana nikakaa chini ya tangi na simu yangu. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, bando likaisha, na mwalimu hajafungua hata mdomo. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya, ulimwengu umekubali kunifunza, lakini hauingii kwenye simu!

Wewe unashinda kwenye duka la kuchapisha lenye intaneti ya bosi wako. Nishushie masomo kwenye memori kadi, unitumie kwa dereva. Nitayatazama nyumbani, nitaandika majibu ya mitihani kwenye karatasi, nawe utayaingiza kwa jina langu. Kozi inafungwa mwezi wa tano. Nikilikosa hili, nitazeekea kwenye mizani.

Dada yako wa Mapokezi


10 Februari

Dada, shikamoo.

Nimekuandikisha. Ukurasa unasema mko zaidi ya elfu sitini darasani, watu wa kila pembe ya dunia. Waliomaliza mwaka jana hawakuandikwa ni wangapi. Nadhani wenye kozi wanaona haya.

Masomo ni manane, kila moja na mtihani wake wa maswali kumi. Wastani wako ukishuka chini ya saba, cheti hakuna. Na sikiliza ujanja wao: kusoma ni bure, kufanya mtihani ni bure, cheti ni pesa. Usijali, hilo ni langu. Kuna na baraza la kuuliza maswali. Bwana mmoja aliuliza afanyeje umeme ukikatika siku mbili. Aliuliza mwaka juzi. Waliomjibu ni wenzake saba wanaosema "hata mimi nataka kujua." Mwalimu mwenyewe hajaonekana, isipokuwa kwenye video, amevaa sweta lilelile kila somo.

Nashusha bosi akienda kula, maana anaamini intaneti ni ya kwake peke yake. Somo moja linachukua karibu mchana mzima. Lakini nitashusha. Dada, uliuza cherehani yako ili mimi nimalize shule, na mimi nikakuletea matokeo ya kuficha chini ya godoro. Safari hii anayesoma ni wewe, na hutafeli.

Kitindamimba,
Kaimu Mkuu wa Ofisi ya Mitihani


3 Machi

Kitindamimba,

Memori kadi zimefika. Nyingine dereva aliitia kwenye mfuko wenye biskuti, nikaikung'uta makombo kwanza.

Hao waliotafsiri maneno ya chini ya video ni watu au ni mashine? Mwalimu anaongea dakika nzima, chini linatoka sentensi moja isiyo na kichwa wala miguu. Wameandika "mnyororo wa baridi usikatike." Nimepekua stoo nzima natafuta mnyororo. Mama wa friji alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniambia ni ile safari ya chanjo kukaa kwenye baridi kuanzia kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Sasa si waseme hivyo!

Na ile sita uliyoniletea ya somo la pili imeninyima usingizi. Sita kwa kumi! Nimezaa, nimelea, nimekulea na wewe, halafu mashine inaniambia sita. Mkuu ameniuliza naendeleaje mbele ya wauguzi, nikasema vizuri, huku uso umenishuka. Sita nyingine kama hiyo na mimi naacha, nakuambia ukweli. Sitaki kuchekwa uzeeni.

Majibu ya somo la tatu haya hapa.

Dada yako wa Mapokezi


11 Machi

Dada, shikamoo.

Usiache. Somo la tatu umepata tisa! Sijui ulikula nini siku hiyo, endelea kukila. Sita ilikuwa ya kuzoea tu, hata gari huanza na gia ya kwanza.

Bosi amenikuta nashusha somo la nne. Amesema akinikuta tena atanikata kwenye mshahara. Nimemwambia ni la mteja. Sikudanganya sana.

Kitindamimba


7 Aprili

Kitindamimba,

Tisa, halafu kumi! Nimemwambia mkuu, akanipa mkono. Mama wa friji sasa ananiita Profesa. Jana nilimkuta muuguzi amepanga chanjo kwenye mlango wa friji, nikamwambia, "Mlangoni joto hupanda na kushuka, zipeleke katikati." Akanitazama, kisha akazipeleka! Mdogo wangu, hujui raha ya kusema kitu na mtu wa kola nyeupe akakitii.

Ila somo la tano halikufunguka. Imeandikwa faili imeharibika. Nimezima simu, nimewasha, nimeipulizia, wapi. Kwa kuwa maswali yake yamefunguka na mtihani una mwisho, nimejibu kwa akili yangu ya nyumbani. Swali la tatu lilinichekesha: pakiti za barafu zikitoka kwenye friza, ufanye nini kabla ya kuzipanga kwenye boksi la kubebea chanjo? Ufanye nini tena? Uzipange mbio kabla hazijayeyuka! Hata muuza maji baridi wa stendi anajua hilo.

Kama nimekosea niambie, na unitumie hiyo video tena. Sitaki kupita somo nimelala.

Dada yako, Profesa


14 Aprili

Dada Profesa, shikamoo.

Somo la tano: kumi kwa kumi. Si nilikuambia? Akili ya nyumbani nayo ni chuo.

Ile video nitakutumia. Bosi amebadilisha neno la siri la intaneti, nahangaika kulipata. Isikuumize kichwa, somo hilo umeshalishinda. Weka nguvu kwenye la sita.

Kitindamimba


9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Cheti kimefika hakijakunjwa. Mkuu amekitundika mwenyewe ukutani, juu ya mizani yangu ya zamani. Mama wa friji ameuvua ule ufunguo shingoni kwake akanivisha mimi, tukalia wote wawili kama wajinga. Ulichokilipia sitakisahau.

Jumamosi tunakwenda kuchanja kile kituo cha mbali, akina mama wa kule hutembea asubuhi nzima. Safari hii boksi nalipanga mimi, mara ya kwanza. Nimezijaza pakiti kwenye friza tangu leo. Nitaziweka huku na huku mpaka chanjo zenyewe zitetemeke!

Dada yako, Mwenye Ufunguo


30 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa stoo. Nisome polepole, kisha unijibu jambo moja tu.

Jumamosi ile tulifika, akina mama wamejaa hadi nje ya uzio. Muuguzi akafungua boksi, akatoa kichupa cha kwanza, akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga. Akakitazama sana. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe vinashuka chini kama uji uliokatika. Akatoa cha pili na cha tatu. Akaniuliza, "Pakiti ulizitoa friza saa ngapi?" Nikamwambia, kwa fahari kabisa, "Nimezitoa na kuzipanga hapohapo, hazijapoteza hata tone." Akafunga boksi. Akasema, "Zimeganda zote. Chanjo hizi zikiganda zimekufa, hata ukiziyeyusha."

Hakuna mtoto aliyechomwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mimi ndiye niliyesimama mbele ya wale wanawake kuwaambia warudi nyumbani. Mmoja alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni mmoja kifuani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa nirudi lini?"

Jumanne nikaitwa ofisi kuu, mimi pamoja na mkuu wa zahanati. Nikajitetea: sikufundishwa hilo. Yule bwana wa ofisi kuu akasema, "Una cheti, tuone." Akanipa kompyuta yake, nikafungua kozi yangu, kwa mara ya kwanza nikaiona mwenyewe ikiwa nzima. Akaenda somo la tano, swali la tatu. Pale pameandikwa kwa jina langu: ziache nje kwanza mpaka zianze kuyeyuka, uzitikise, usikie maji ndani, ndipo upange. Na alama ya kijani pembeni.

Akamgeukia mkuu. "Huyu alijua. Asiyejua tunamfundisha. Mzembe tunamwachisha kazi."

Mkuu wangu hakunitazama. Nami nilifikiri nimeanza kurukwa na akili. Nakumbuka nilichoandika. Nilikuandikia hadi mzaha wa muuza maji wa stendi.

Wamenipa hadi tarehe 18 nirudi kujieleza. Nijibu: nani alijibu lile swali?

Dada yako


6 Julai

Dada, shikamoo.

Ni mimi.

Sasa usinihukumu kabla hujafika mwisho wa karatasi. Ulisema sita nyingine unaacha. Somo la tatu ulipata tano, Dada. Tano! Ningekuandikia nini? Nikarekebisha manne, yale madogo. La nne nikarekebisha tena. La tano ile faili haikuharibika njiani. Haikumalizika kushuka, bosi alizima mtambo wa intaneti, nami nikakutumia hivyohivyo kwa kuwa dereva alikuwa anapiga honi. Ningesemaje umefeli somo ambalo mimi ndiye niliyekukosesha? Baada ya siku mbili nililitazama kwenye simu ya rafiki, nikajibu, nikasema video nitakutumia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki yake.

Na hao wenye kozi je? Wanaingiza watu elfu sitini mlango mmoja, mwalimu mmoja wa sweta, hakuna wa kuuliza, hakuna anayejua kama unasoma kwenye kompyuta au kwenye memori kadi yenye makombo ya biskuti. Wanajisifu wameufikia ulimwengu. Wameufikia, wakaupungia mkono, wakapita! Kozi yenye mtu mmoja wa kujibu swali isingekufikisha hapo. Mbona mimi tu?

Dada, waambie ulisahau. Kusahau ni ubinadamu. Ukisema majibu si yako, cheti kinafutwa, na kazi yote tuliyoifanya inakwenda na maji. Sema ulisahau, watakuonya, yataisha.

Mdogo wako


11 Julai

Wewe,

Tuliyoifanya nani?

Nimesoma hadi mwisho wa karatasi kama ulivyotaka. Hiyo hotuba yako juu ya wenye kozi ni kweli tupu, na ningeipigia makofi kama ungeitoa mwezi wa nne. Nimelaani kile kiduara kuliko wewe. Lakini kiduara hakikuniambia nimepata kumi. Mashine yao, pamoja na ubaya wake wote, ilitaka kuniambia sijui. Wewe ndiye uliyeiziba mdomo.

Eti niseme nilisahau. Mtu akisahau mbele ya friji ya chanjo, kesho anasahau tena, na safari ijayo muuguzi akichoka hatatikisa kichupa. Nikisema hivyo ufunguo hawataniachia, wala sitaki waniachie. Na kwa nini nivae uzembe ambao sikuushona? Mimi nilikuwa mjinga. Ujinga una dawa, na dawa nilikuomba wewe, kwa maandishi, ukaninyima kwa huruma. Huruma gani hiyo? Ulinionea aibu. Uliona dada yako hawezi.

Nimekasirika, ndiyo maana mwandiko huu. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, na wewe umeuficha wangu bila kuniuliza.

Tarehe 18, saa tatu asubuhi, ofisi kuu, mlango wa bluu. Uje useme kwa mdomo wako. Bosi wako mdanganye unavyojua, una uzoefu.

Dada yako


21 Julai

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Dereva amenirudisha bure, lakini njia nzima alinihubiria, maana alishajua yote. Nilimwambia mimi au ulimwambia wewe?

Bado namwona yule bwana wa ofisi kuu aliponiuliza, "Kwa hiyo dada yako hakujua, na wewe ulijua kwamba hajui?" Nilisema ndiyo. Sijawahi kusema ndiyo nzito hivyo. Ningepigwa makofi ingekuwa nafuu.

Nashukuru hawakukufukuza. Kurudi kwenye mizani najua kunakuuma. Tuliporudi zahanati nilikuona ulivyomvisha ufunguo yule kijana muuguzi aliyepewa friji, ukamnyooshea na kola yake, halafu ukatoka nje haraka.

Cheti nimewaandikia wenye kozi wakifute, kama ulivyotaka. Wamenijibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako! Tunafurahi umeipenda kozi yetu." Nimewaandikia tena. Wamefurahi tena. Nimekata tamaa, Dada, hata kosa ukilikiri hakuna wa kulipokea.

Nisamehe. Sina neno jingine.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Cheti nimekishusha ukutani mwenyewe. Msumari nimeuacha.

Msamaha tutauongea ukija, si jambo la karatasi. Kwa sasa bado nina hasira, na nikimwona dereva wa gesi hasira inaongezeka kwa kuwa anatabasamu.

Kozi inafunguliwa tena mwezi ujao. Niandikishe upya. Mkuu amesema ufunguo mwingine haniahidi, lakini kusoma hanizuii. Video ya somo la tano iwe ya kwanza, na uihakikishe mpaka mwalimu avue sweta. Na sharti ni hili: utaandika nilivyoandika. Nikikosea, uache nikosee. Ukigusa hata nukta, udugu wetu uwe wa kusalimiana tu.

Dada yako


15 Septemba

Dada, shikamoo.

Somo la tano umepata tano kwa kumi.

Nimeandika nukta kwa nukta. Swali la saba kidole kilinielea juu ya jibu sahihi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Nikaandika lako. Wastani wako sasa uko chini ya saba. Sijui nikuambie nini, Dada. Safari hii sina hata cha kukufariji.

Maswali uliyokosa ni la pili, la tano, la saba, la nane na la tisa. La tatu umepata.

Kitindamimba


22 Septemba

Kitindamimba,

Tano imefika. Ni mbaya, imeniudhi, na ni yangu. Nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo ili nigombane nayo kila asubuhi. Hayo matano niliyokosa nimemfuata yule kijana wa ufunguo, nikamwambia nifundishe. La nane hata yeye halijui. Tumeliuliza kwenye lile baraza kwa simu yake. Bila shaka tutajibiwa tukishastaafu wote, lakini nimeona kuna wenzetu watatu wameshaandika chini yake: "hata mimi nataka kujua."

Jumamosi ilikuwa zamu ya kile kituo cha mbali. Kijana alikuwa na haraka, gari linanguruma nje, akatoa pakiti friza anataka kuzipanga. Nikamwambia, ngoja. Akasema tutachelewa, mama. Nikamwambia, tuchelewe. Nikazipanga mezani, nikakaa nazo, na dereva anapiga honi. Baadaye nikachukua moja, nikaitikisa sikioni. Kimya. Tukangoja tena. Nikaitikisa nyingine, maji yakalia ndani.

Nikamwambia, "Sasa panga."

Yule mwanamke wa mapacha alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Dada yako wa Mapokezi